Siku Niliyowaomba Wanafunzi Wanitanie

Vijana wangu, nimesikia kwamba ile nyumba ya walezi kule Lushoto inatafutiwa watu tena, na kwamba safari hii hawataki wazee wastaafu kama tulivyokuwa sisi. Wanataka mume na mke ambao bado wanaweza kupanda ule mlima bila kusimama kutazama mandhari. Sisi tulisimama kutazama mandhari mara nyingi sana. Mandhari yenyewe ilikuwa ukungu.

Basi ninyi mtakaoichukua kazi hiyo, nawaandikia. Sina cheo cha kuwafundisha, ila nina makosa ya kutosha, na mengi niliyafanya kwa bidii.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kanisa linawaweka ninyi wawili katika nyumba iliyo chini kidogo ya chuo cha ualimu. Mlango unakuwa wazi kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni, na siku nyingine kwa yeyote mwenye shida. Enzi zetu, miaka ile ya Ujamaa, wanafunzi walitoka kila pembe ya nchi: Nzega, Songea, Newala, Bukoba. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukutana na baridi inayoingia ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni. Mnawapa chai, mnawapa makande, mnawatembelea wakiugua, mnasoma nao Neno wakitaka, na mnawasikiliza. Mshahara hakuna. Kuna nyumba, kuni, na gunia la mahindi ambalo panya wa pale wanaijua siku linapofika.

Mchungaji aliyetupeleka alitupa sharti moja tu. Alisema, "Mlezi asiende popote kwa jambo la mwanafunzi akiwa peke yake. Mnakwenda wote wawili, au hamwendi." Mimi nililiona sharti hilo kuwa la ajabu. Niliwahi kugombana na mke wangu Naemi kwa sababu ya mwavuli, na siku hiyohiyo ikatubidi twende pamoja kumwona binti mmoja mwenye homa, huku hatusemezani. Kila nililotaka kumwambia Naemi nikamwambia mgonjwa.

"Binti yangu," nikasema, "ukiwa na mwavuli, usiusahau kanisani."

Naemi naye akamwinamia. "Binti yangu, ukiolewa, usikubali mtu akukabidhi mwavuli mbovu halafu akudai mzima."

Yule binti alipona upesi. Nadhani alitaka tuondoke.

Sasa lazima mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Kabla ya ulezi nilikuwa stesheni masta kwenye stesheni ndogo ya njia ya Tanga. Nilistaafu nikiwa na saa ya mfukoni, filimbi, na imani kwamba binadamu akipangiwa saa zake vizuri hatakuwa na shida nyingine. Tulipofika Lushoto, kabla hata Naemi hajafungua masanduku, nilikuwa nimeshabandika ratiba ukutani. Saa tisa, chai. Saa tisa na dakika kumi, vikombe kurudishwa. Saa tisa na robo, wimbo na mafundisho. Saa kumi kamili, matatizo binafsi.

Ndiyo. Nilitenga robo saa kwa matatizo binafsi ya wanafunzi wote. Kila Jumapili saa kumi kamili nilipuliza filimbi, nikakunja mikono, nikasubiri. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwa na tatizo saa kumi kamili. Nami niliandika barua kwa Mchungaji nikimweleza kwa furaha kwamba wanafunzi wa chuo kile hawana matatizo.

Mafundisho yangu yalikuwa marefu, na sala zangu ndefu zaidi. Jumapili moja ya mvua nilianza kuomba nikiwa nimesimama karibu na moto, macho nimefumba. Niliwaombea viongozi, nikawaombea wakulima, nikawaombea wasafiri wa reli kwa vituo vyao. Mahali fulani kati ya Mombo na Korogwe usingizi ukanichukua nikiwa wima, jambo ambalo mtu wa stesheni hulizoea. Nilipozinduka nikasema "Amina" kwa sauti kubwa. Chumba kilikuwa kitupu. Alikuwepo Naemi peke yake, anachambua maharage.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Wameshasema amina zamani," akajibu. "Wamekula, wameosha vyombo, wameondoka kwa ncha za vidole ili wasikuamshe. Watoto wana adabu wale."

Naemi hakuwa na ratiba. Alikuwa na sufuria. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya kazi huku mimi nikiipigia filimbi, nitawapa mawaidha yake, nanyi myashike.

Kuni za msonobari zinawaka haraka na kukijaza moshi chumba chote. Tafuteni mkaratusi uliokauka, na msiuwashe bila kuitazama dohani, maana ndege hujenga humo. Makande yawekwe jikoni Jumamosi asubuhi yaive polepole, na sufuria ile isiguswe na mafuta ya nguruwe hata siku moja, kwa sababu nusu ya watoto watakaokuja kuota moto ni Waislamu, nao wana njaa sawasawa na Walutheri. Soksi zilizolowa msizitundike juu ya moto. Mimi niliunguza soksi pekee za kijana wa Bukoba, na nyumba ikanuka hadi Kwaresima. Sukari ikiadimika, kama ilivyoadimika wakati wetu, chukueni muwa, mkate vipande, kila mtu atafune kipande chake na kupiga funda la chai. Inachekesha kutazama, lakini chai inanyweka.

Na hili ndilo kubwa: msimwulize mwanafunzi ana tatizo gani. Mpeni ungo wa maharage achambue. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mdomo unafunguka wenyewe. Naemi alijua habari za chuo kizima kwa njia ya maharage. Mimi nilidhani anapenda tu maharage safi.

Tofauti yetu nyingine ilikuwa majina. Siku ya kwanza kabisa niliwasimamisha wanafunzi mstari nikawaambia waniite Baba Mlezi. Naemi alipoulizwa aitweje, akasema, "Mimi ni bibi yenu." Nilimkemea jioni hiyo, nikamwambia amejizeesha bure na kuvuruga utaratibu. Hakubishana. Alijua alichokifanya. Baba huogopwa, lakini bibi na babu hutaniwa, na hilo halina mjadala kwetu Usambara wala huko Nzega. Mjukuu anaweza kumwita bibi yake mke, akampokonya babu yake nyama mkononi, akamwambia lini utakufa nirithi koti, na mzee akacheka, akamrudishia maneno makali kuliko hayo. Kwa neno moja tu Naemi alikuwa amewapa wanafunzi wote ruhusa hiyo.

Aliyeitumia ruhusa kuliko wote ni kijana aliyeitwa Kulwa, Mnyamwezi wa Nzega, mrefu kama nguzo ya simu. Alisikia baridi kiasi cha kutembea na blanketi mabegani hata kwenye mchakamchaka wa asubuhi. Akiingia kwetu huanza na mimi kwa adabu zote, "Shikamoo Baba Mlezi," kisha hugeukia jikoni na sauti yake hubadilika.

"Mke wangu! Umenipikia nini?"

"Marahaba, mume wangu. Nimekupikia ulichokileta."

"Sikuleta kitu."

"Basi ndicho ulichopikiwa."

Mimi nilikaa na saa yangu mkononi nikinuna. Niliwahi kumwita Kulwa pembeni nikamwambia kwamba katika nyumba ya kanisa hatuoi wake za watu. Alisema, "Ndiyo, Baba," akaomba radhi. Toka siku hiyo akawa ananisalimu akiwa nje ya mlango.

Sasa tufike kwa jogoo.

Nilikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kifua cha mtu aliyepandishwa cheo. Nilimwita Mkaguzi. Aliwika alfajiri wakati uleule kila siku, na mimi nilimpenda kama mtu anavyompenda mfanyakazi wake wa pekee anayefika kazini kwa wakati. Jumapili moja niliporudi kutoka kanisani, Mkaguzi hakuwepo. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi, akanyoosha mkono kuelekea juu chuoni.

"Kamchukua yule mrefu wa blanketi. Kapita naye hapa kamkumbatia. Tena anamwimbia."

Naemi alikuwa amebaki nyuma akiongea na wenzake wa kwaya. Mngekuwa ninyi, mngemsubiri. Sharti ni wawili au hakuna. Mimi niligeuka palepale, nikapanda mlima bila kutazama mandhari hata kidogo, nikabisha nyumbani kwa Mkuu wa Chuo.

Mkuu alikuwa mtu wa pwani, Muislamu mpole na mkali kwa pamoja, aliyefika mlimani mwaka huo bila familia. Alinikaribisha kwa heshima. Nikamwambia ninaripoti wizi. Nikataja mwizi, mali na shahidi. Nilitoa taarifa nzuri mno, kama ya treni iliyoacha reli. Mkuu akasikitika.

"Mzee wangu, umefanya vizuri kuniambia. Hawa wanakwenda kufundisha watoto wa taifa. Mwizi siwezi kumkabidhi darasa. Atarudi kwao."

Hapo kidogo moyo ukanishtuka, maana Kulwa alikuwa amebakiza muhula mmoja. Lakini nilikuwa nimeshapuliza filimbi, na treni iliyopulizwa filimbi huondoka. Nikashuka nyumbani kifua mbele.

"Nimeshamripoti," nikamwambia Naemi.

Alikuwa anakoroga makande. Mwiko ukasimama. "Umemripoti nani?"

"Kulwa. Amemwiba Mkaguzi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mkuu."

Naemi akakaa juu ya kigoda taratibu. "Baba Yoeli," akasema, "jogoo yuko kwenye banda la chuo. Amefungwa kitambaa cheupe shingoni kama bwana harusi, anakula mahindi niliyompa Kulwa mimi mwenyewe asubuhi. Mateka yule. Wanasubiri uende kumkomboa."

"Nimkomboe kwa nini?"

"Kwa mimi. Kulwa anasema umpe mke, akupe jogoo. Wameanza hata kutunga wimbo. Walidhani wewe ukiona jambo kubwa hivyo utashindwa kununa, utacheka."

Nilitoa saa nikaitazama, ingawa hakuna nilichotaka kujua humo. Naemi akavaa kanga yake ya kutokea.

"Twende," akasema. "Wote wawili."

Tulimkuta Mkuu barazani kwake. Nikamwambia nimekosea, nimemsamehe kijana, naifuta taarifa yangu. Akatikisa kichwa.

"Ukisema umesamehe, umesema kosa lipo. Wizi uliosamehewa bado ni wizi, mzee wangu. Nikimwacha huyu, kesho nitakuwa na wezi wengi waliosamehewa."

Naemi akasema, "Haukuwa wizi, Ndugu Mkuu. Ulikuwa utani. Wale ni wajukuu zetu."

Mkuu akanitazama mimi. Akaitazama filimbi iliyoning'inia shingoni mwangu. Naona alitaka kucheka akajizuia.

"Utani na mzee huyu? Mama, utani na wewe sawa, nakubali. Lakini huyu anawapangia watoto saa ya kunywa chai." Akafikiri. "Tatizo la utani ni kwamba una watu wawili. Mmoja akichukua na mwenzake akacheka, huo ni utani. Mmoja akichukua na mwenzake akaja mbio kwangu anahema, huo mimi nauitaje? Ijumaa nina baraza la chuo kizima. Njooni. Nikiona kwa macho yangu kwamba huyu ni babu yao, Kulwa atabaki. Nisipoona, Jumamosi anapanda basi."

Basi kuanzia Jumatatu mke wangu alianza kunifundisha kutaniwa. Tulikaa jikoni mchana, ungo wa maharage katikati.

"Nakuanza," akasema. "Mzee, masikio yako yamekuwa makubwa kama majani ya magimbi."

"Yamekuwaje? Masikio haya ni ya ukoo."

"Usijitetee. Cheka."

Nikacheka.

"Huko si kucheka, Baba Yoeli. Huko ni kusafisha koo. Tena. Mzee, ukiimba kanisani ng'ombe wa kijiji cha Malindi kule juu wanadhani wanaitwa."

"Nani kasema? Ni yule mwalimu wa kwaya?"

"Hakuna aliyesema! Nakutania!"

"Mbona umetaja Malindi? Umetaja mahali kabisa."

Hadi Alhamisi nilikuwa nimefaulu kutabasamu mara moja, na hiyo ilikuwa kwa sababu Naemi alijikata kidole kwa kisu cha muwa kisha akalaumu muwa.

Ijumaa ikafika. Wanafunzi wote walikaa kwenye majani mbele ya bweni, walimu kwenye mabenchi, ukungu unapita katikati yetu kama unahesabu watu. Kulwa alisimamishwa mbele. Alikuwa amejifunika blanketi lake na alikuwa anatetemeka, lakini nilipomtazama usoni nilijua kwamba siku hiyo hakutetemeshwa na baridi. Kijana yule alikuwa wa kwanza kwao kuvuka darasa la saba. Hilo pia lilijulikana kwa njia ya maharage, si kwangu.

Mkuu akaeleza shauri lote kwa ufupi. Kisha akauliza chuo, "Mzee huyu ni nani kwenu?"

Chuo kizima kikajibu kwa sauti moja, kama nilivyowafundisha: "Baba Mlezi!"

Nikafumba macho.

"Hakuna anayemtania?" Mkuu akauliza. "Hata mmoja?"

Hakuna aliyejongea. Walinitazama mimi, wakatazama filimbi. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa mbele yangu, imekaa mistari iliyonyooka. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

Nikasimama nijaribu mwenyewe. Nikamwonyesha Kulwa kidole. "Wewe," nikasema, "wewe ni mrefu." Nikasubiri. "Mrefu sana."

Kulwa akasema, "Ndiyo, Baba. Samahani, Baba."

Mwalimu mmoja akakohoa. Mkuu akaanza kukunja karatasi zake, na nikaona kwamba Jumamosi imeshafika na basi limeshawasha moto. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo stesheni masta hafanyi. Nikavua kofia.

"Jamani," nikasema, "nitanieni. Nawaomba. Semeni lolote. Sitanuna, na nikinuna msinijali. Nimekuwa mjinga, mtoto wa watu anarudishwa kwao kwa sababu yangu, na mimi kutania sijui. Nisaidieni."

Ukungu ukapita. Naemi akainuka kwenye benchi, akajifunga kanga kiunoni, akamwendea Kulwa.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni mwa chuo, "mimi nina miaka mingi sijatolewa mahari, wewe unaniletea jogoo mmoja? Tena jogoo wa mume wangu wa zamani?"

Kulwa akamtazama. Akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, ndiyo, endelea. Nikaona blanketi linashuka bega moja.

"Mke wangu," akasema, "ningeleta ng'ombe. Lakini huyu mzee angemtaka ng'ombe afike saa tisa na robo."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Basi lango likafunguka. Kijana wa Bukoba akasimama. "Babu! Soksi zangu umezila?" Mwingine akapaza sauti, "Babu, ukiomba utuachie nauli, maana tunafika hadi Korogwe!" Mwingine akasema kwamba dohani ya nyumba yetu inatoa moshi kidogo kuliko mimi nikihubiri. Kwaya wakaanza ule wimbo wao wa mateka, ambao sitauandika hapa kwa sababu barua hii kanisani nao wataisoma. Nilisimama katikati nimeshika kofia, masikio ya ukoo yananiwaka moto, nikijiambia cheka, cheka. Na Mkuu hakuwatazama wao. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

Kisha akasimama binti mmoja aliyeitwa Rehema, wa kutoka Newala, mkimya kiasi kwamba nilidhani hana sauti. Alikuja kwetu kila Jumapili na hakuwahi kuniambia lolote zaidi ya shikamoo. Akatoa saa ambayo hakuwa nayo kutoka kwenye mfuko ambao hakuwa nao. Akaitazama. Akapuliza filimbi ya hewa. Akakunja mikono kama mimi, tumbo mbele kama mimi, akasubiri. Alisubiri muda mrefu hadi chuo chote kikanyamaza.

"Saa kumi kamili," akasema. "Nina tatizo binafsi."

Nikajisahau nikamjibu kwa mazoea, "Sema, binti yangu."

"Tatizo langu ni wewe."

Vijana, sikucheka kwa mafunzo. Kicheko kilitoka chini kabisa, mahali ambapo sikujua kuna kitu, kikanikunja, nikakaa kwenye majani na kofia yangu nikaikalia. Nililia machozi. Kila nilipotaka kusimama niliona ile mikono aliyoikunja nikaanguka tena. Naemi anasema nilipiga mateke. Hilo sikubali, lakini mashahidi ni wengi.

Nilipopata pumzi nikamwita Kulwa. "Njoo hapa, mwizi wa wake. Nimeshindwa. Mchukue. Lakini mimi ni mtu wa reli na mzigo nautangaza kabla haujapakiwa: huyu mwanamke anakoroma, nyayo zake usiku ni baridi kama za chura, na mwavuli ukimpa huuoni tena."

"Uongo!" Naemi akapiga kelele. "Anayekoroma ni yeye! Anakoroma akiwa amesimama! Anakoroma mbele za Mungu!"

Hapo hata walimu walishindwa. Mkuu alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yanacheza. Alipogeuka alijipangusa macho kwa leso na kuurudisha ukali wake mahali pake.

"Baraza limesikia," akasema. "Nimeambiwa kuna mwizi hapa. Mimi mwizi simwoni. Namwona mzee amepokonywa mke mchana kweupe na amefurahi. Kulwa, rudi ukakae. Na huyo jogoo avuliwe nguo za harusi."

Kulwa hakurudi kukaa. Alikuja akanishika mkono kunisaidia kusimama, na alipokuwa ameniinamia akasema taratibu, mimi tu nikasikia, "Ahsante, Babu."

Sasa nawaambia kinachoniuma, na sitakirefusha. Jumapili iliyofuata nyumba ilijaa hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Rehema alichukua ungo wa maharage akakaa karibu yangu, si karibu ya Naemi, akaniambia habari ya mama yake aliyekuwa mgonjwa tangu mwaka wa kwanza. Tangu mwaka wa kwanza! Alikuja kila wiki na habari hiyo kifuani, na mimi nikampa robo saa. Na kabla yake walikuwepo wengine waliomaliza masomo, wakaenda walikopangiwa, na shikamoo zao za nje ya mlango. Sijui walikuja na nini. Hao siwezi kuwarudisha niwaambie waniite babu. Tulibakiwa na mwaka mmoja tu pale, na huo mmoja ndio ninaouhesabu.

Kwa hiyo ninyi, hata kama mna miaka ishirini na mitano na ndevu hazijaota vizuri, siku ya kwanza wanafunzi wakiuliza wawaite nani, semeni babu na bibi. Watacheka. Waacheni wacheke. Na popote mnapokwenda, nendeni wawili, hasa mkiwa na hasira.

Jumapili hiyohiyo, jioni, wanafunzi walipokwisha kuondoka, tulisikia mtu anabisha. Alikuwa Mkuu wa Chuo. Alisimama mlangoni amevaa koti juu ya koti, anapuliza viganja. Miezi yote ile alikaa peke yake kule juu, mtu wa pwani kwenye baridi ile, na mimi mlezi sikuwahi kufikiri kwamba na yeye ana mikono inayopata ganzi.

Nikaanza kuinuka kwa heshima. "Karibu, Ndugu Mkuu."

Alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye moto, akafunua sufuria, akachungulia ndani, akamgeukia Naemi.

"Mke wangu," akasema, "huyu mzee anakaa hapa hadi lini?"

Nikaenda kumtafutia sahani.